Mabati ya Uani kwa Bi Hafidha

Rugaibula alipanda paa la kwanza akiwa na miaka kumi na tisa, na tangu siku hiyo hakuwahi kuanguka. Hilo alilisema kila mahali, hata pasipo kuulizwa. Ukimuuliza bei, atakwambia kwanza kwamba hajaanguka, halafu bei itafuata, na haitakuwa ndogo. Kwa akili yake paa lilikuwa na hatari moja tu, nayo ni ardhi iliyo chini yake. Maskini Rugaibula, laiti ingekuwa hivyo.

Alikuwa mtu wa Nshamba, huko Muleba, lakini riziki yake ilikuwa Bukoba mjini, kwenye nyumba za zamani. Siku za kazi alilala chumba cha kupanga Ijuganyondo, na kila Jumamosi alirudi Nshamba kwa mkewe Celina. Nyumba hizo nyingi ziliezekwa kwa mabati ya asbesto, yale ya kijivu, mazito, ya saruji iliyochanganywa na nyuzi, ambayo hayashiki kutu wala hayapigi kelele mvua ikinyesha. Na mafundi wa mjini walikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote: anayeezua paa huondoka na mabati ya zamani. Ni haki yake, kama kichwa cha mbuzi kilivyo haki ya mchinjaji.

Basi baada ya tetemeko la mwaka 2016, nyumba ya Bi Hafidha ikapasuka ukuta wa uani. Rugaibula akaitwa, akaezua upande ule, akapakia mabati arobaini na mawili kwenye Fuso, safari ya Nshamba. Celina alipoyaona alipiga vigelegele peke yake. Mwaka ule chama cha msingi cha ushirika kilikuwa kinawarudishia watu kahawa iliyochanganyika na udongo, na yeye alikuwa amerudishiwa magunia mawili mbele ya majirani. Aliona aibu mpaka akashindwa kula. Sasa akayapanga mabati juu ya mawe kando ya kibanja, shamba lao la migomba na kahawa, akaanika kahawa yake juu. Mikunjo iliishika isimwagike, maji ya mvua yakapita, kahawa ikatoka safi. Rugaibula naye, kwa mapenzi, akamtengenezea reki ya misumari ya kuigeuzia.

Kwaruu, kwaruu. Mara nne kwa siku, msimu mzima, kila mwaka. Reki ikila bati, bati likiota unyoya mweupe, vumbi likipanda. Celina anajipangusa uso kwa ncha ya kanga, anaendelea. Kikohozi alikuwa nacho, ndiyo, lakini nani hakohoi kijijini, na jiko la kuni liko pale pale? Celina hakuwa mtu wa kukaa akijisikiliza. Hakuwa mtu wa kungoja chochote. Ukimwambia kuna mti unaelekea kuanguka, utakuta ameshaukata na kuni ameshazipanga.

Mwaka huu Bi Hafidha, mwalimu mstaafu, aliamua kukarabati upande wa mbele uliobaki. Rugaibula akafika asubuhi na ngazi, nyundo na mtaimbo. Akamkuta mama wa watu amesimama mlangoni, karatasi mkononi.

"Fundi, weka chini hiyo ngazi. Hatuanzi."

"Kuna nini tena, Bi Hafidha?"

"Nimeomba kibali cha ukarabati manispaa. Wameniambia nyumba ya umri huu paa lipimwe kwanza. Likiwa na asbesto, haliezuliwi na mtu yeyote ila wenye leseni ya kazi hiyo. Ndiyo sheria."

Rugaibula akacheka, cheko lile la kumwonea mtu huruma. "Yapimwe kwani yanaumwa? Mimi nimeyashika miaka thelathini na tisa, waitu. Nimeyakata kwa msumeno, nimeyatoboa, nimeyavunja kwa nyundo. Niangalie. Nimekufa?"

"Bado," alisema Bi Hafidha, wala hakucheka.

Siku mbili baadaye akaja ofisa mazingira, binti aitwaye Kokugonza, mwenye barakoa nene na buti za mpira. Akampa mzee shikamoo yake kwa heshima zote, kisha akafanya mambo ambayo Rugaibula hajawahi kuyaona. Alilowesha pembe ya bati kwa maji ya chupa ya kupulizia. Akakata kipande kisichozidi ukucha, taratibu. Akakitia kwenye mfuko, mfuko akautia kwenye mfuko mwingine, akaandika, akaufunga. Pale alipokata akapaka rangi.

"Mbona unalinywesha?" Rugaibula alimtania. "Lina kiu?"

"Likiwa kavu linatoa vumbi, mzee wangu. Likilowa, vumbi linatulia. Vumbi ndilo tunaloliogopa."

Kipande kikapelekwa maabara. Wiki tatu zikapita. Rugaibula alizunguka vijiwe vyote vya mafundi akisimulia habari za binti aliyenywesha bati maji, watu wakacheka mpaka machozi, naye akacheka kuliko wote. Lakini Jumamosi moja, nyumbani, alikaa akimtazama Celina akivuta reki. Alitazama kile kiwingu cheupe kikimpanda mpaka kwenye nyusi. Kisha akamaliza chai yake.

Alhamisi majibu yakaja. Walikaa barazani watatu, Kokugonza akasoma. Asbesto ipo, na ipo kwa wingi.

"Inafanya nini hasa?" aliuliza Rugaibula. Safari hii hakutania.

"Haiui leo wala kesho, mzee. Ni nyuzi ndogo mno, huzioni. Ukizivuta zinaingia mapafuni na hazitoki. Zinakaa miaka ishirini, thelathini, hata arobaini. Wengine haziwafanyi kitu. Wengine mapafu yanakuwa magumu, wanakosa pumzi, au wanapata saratani. Na haimpati fundi tu. Hata mke anayekung'uta ovaroli kabla ya kuifua, naye anavuta."

Rugaibula akaona ovaroli zake zote za miaka yote, zikikung'utwa kwenye mgomba ule ule nyuma ya jiko.

Kokugonza akafungua fomu nyingine. "Yatalowekwa, yatashushwa moja moja bila kuvunjwa, yatafungwa kwenye plastiki nene na kuzikwa kwenye shimo lililoidhinishwa. Ila nimebakiwa na mstari mmoja hapa. Upande wa uani uliezuliwa zamani. Mabati yale yako wapi?"

Bi Hafidha akamgeukia fundi wake. Rugaibula akatazama viatu vyake.

"Yalivunjikavunjika na tetemeko," alisema. "Yakatupwa."

"Mzee wangu, kama kuna mtu anayo, aseme. Tutakwenda kuyafunga wenyewe, na aliyejitokeza hatuna ugomvi naye. Ila asiyavunje. Kuyavunja ndiyo mbaya kuliko yote."

"Nimeshasema yalitupwa."

Hapo ndipo nataka kumshika mtu huyu mabega nimtikise! Neno moja tu. Lakini angelisemaje, mbele ya binti yule yule aliyechekwa naye vijiweni, kwamba sumu yote ya upande wa uani ameipeleka kwake kwa Fuso, na reki juu yake? Alikwenda nyuma ya nyumba, akampigia Celina simu.

"Mama Dativa, yale mabati ya kahawa."

"Yamefanyaje?"

Maneno yakamfika mdomoni. Akayameza. "Serikali inayatafuta. Wakiyakuta hapo, mimi ni wa kufungwa. Usimwambie mtu. Jumamosi nakuja, nitajua la kufanya."

"Mama wee! Kufungwa kwa sababu ya mabati?" Celina alishtuka, akakohoa kidogo, kisha sauti ikatulia. "Haya, Baba Dativa. Nimekuelewa."

Hakulala usiku ule. Ijumaa alishinda amekaa tu, akijiambia kwamba simu si mahali pa kusemea jambo kama lile, kwamba atamwambia uso kwa uso, amshike mkono. Jumamosi asubuhi alinunua barakoa mbili na chupa ya kupulizia, kama ya binti yule, akapanda gari la kwanza la Muleba.

Alifika Nshamba jua likiwa limepanda. Tangu barabarani aliona kwamba kando ya kibanja pamekuwa peupe. Mawe yalikuwepo, yamekaa matupu kwa mistari. Mabati hayakuwepo.

"Celina!"

"Niko huku!"

Alitoka kati ya migomba na jembe begani, shoka mkono wa pili, limegeuzwa kisigino mbele. Nywele nyeupe. Nyusi nyeupe. Kanga iliyokuwa ya zambarau ilikuwa nyeupe. Kope zake zilikuwa na unga, na chini ya unga ule alikuwa anatabasamu kwa fahari, macho yanang'aa.

"Usiwe na wasiwasi tena, mume wangu. Siku mbili nimeyaponda, jana na leo, moja moja, mpaka yakawa changarawe. Nimeyafukia kibanjani kote, chini ya majani. Waje na polisi, waje na mbwa, hawatakuta hata kipande. Nani atakufunga?" Akakohoa, akajipiga kifua, akacheka. "Vumbi lake tu ndilo lina kero. Limenikaba tangu jana."

Akanyanyua ncha ya kanga ili ajipanguse uso.

"Usijipanguse!"

Ukelele ule ulimfanya Celina agande, mkono hewani. Rugaibula alidondosha mfuko, akakimbilia pipa la maji, akajaza ndoo. Akamwendea polepole, kwa hatua za mtu anayetembea juu ya paa lililooza.

"Tulia. Fumba macho. Ziba pua na mdomo."

"Baba Dativa, umerukwa na akili? Majirani wanatuona!"

"Ziba pua, waitu. Nakuomba."

Akamwagia ndoo nzima kichwani, na nguo zake zote. Akarudi kujaza nyingine. Maji meupe yalimtiririka mabegani, yakaingia kwenye udongo wa kibanja. Celina alikuwa anacheka na kutetemeka, hajui lipi ni lipi, mpaka alipofumbua macho akamwona mumewe analia, ndoo mkononi, mtu ambaye hata tetemeko halikumliza.

"Sema," alimwambia, na kicheko kilikuwa kimekwisha. "Hukuniambia nini?"

Rugaibula akaweka ndoo chini, akamwambia yote, akianzia ovaroli ya kwanza Celina aliyomkung'utia.