Novemba Ambayo Persis Hakutoa Petroli

Kabla ya trekta ya nyasi kufika, wanawake saba walikuwa wakikata nyasi za shule ile ya bweni iliyo mlimani juu ya soko la Nyaramba. Walikata kwa slasha, migongo imeinama, wakianzia uwanja wa mpira na kumalizia nyuma ya jiko, na walipofika jikoni nyasi za uwanjani zilikuwa zimeota tena. Persis Bochaberi alikuwa mmoja wao. Upande wake wa kushoto, kwa miaka sita, alikuwa rafiki yake Jacinta Nyanchoka, na wawili hao walipiga gumzo la Ekegusii tangu asubuhi hadi chai ya saa nne.

Kisha wanafunzi wa zamani wakachanga, wakailetea shule mashine nyekundu ya kukaliwa, yenye usukani mbele na visu chini ya tumbo. Mwalimu mkuu, Bwana Ondieki, aliuliza ni nani kati ya wale wanawake anayeweza kujifunza kuiendesha. Persis aliwahi kuendesha pikipiki ya marehemu mume wake. Akainua mkono bila kufikiri sana. Alidhani wenzake wangepewa kazi nyingine pale pale. Mwezi ulipoisha, wale sita waliambiwa asante, wakaenda nyumbani.

Jacinta hakumlaumu, na hilo ndilo lililomuuma Persis. Walikutana kanisani kila Sabato, naye Jacinta alimuuliza habari za binti yake Lorna, na kumtania kwamba siku hizi anakaa juu ya kiti kama chifu. Lakini Jacinta alikuwa sasa akichuma majani chai kwenye mashamba ya watu, alfajiri, umande ukimlowesha hadi kiunoni, na kikohozi chake hakikuisha.

Persis aliitunza trekta ile kuliko kitu kingine chochote alichowahi kukabidhiwa. Fundi Joash wa Masimba alimwelekeza mara moja tu, akashika. Kila Novemba shule ilipofungwa, aliiandaa ipumzike mpaka Januari. Kwanza alikwangua nyasi zilizogandamana kuzunguka visu, maana hizo hukaa na maji na kula chuma. Alimwaga oili chafu injini ikiwa bado na joto, akatia mpya. Petroli aliinyonya kwa mpira hadi kwenye jerikeni, kisha akaiwasha mashine ingurume mpaka ijizime yenyewe, kusibaki tone la kuganda ndani ya kabureta. Alifungua plagi ya injini, akadondosha oili kidogo kwenye tundu lake, akairudisha. Betri aliitoa na kuiweka juu ya ubao. Mwisho aliziba matundu ya panya kwenye ukuta wa stoo na kuifunika mashine kwa turubai.

Januari ikifika, iliwaka kwa jaribio la kwanza.

"Mama Lorna, hii itafika miaka ishirini mikononi mwako," Joash alimwambia.

Alikusudia kumsifu. Persis aliwaza: miaka ishirini, na Jacinta harudi.

Novemba ya tatu, siku moja kabla ya kufunga shule, alikutana na Jacinta barabarani na kikapu cha chai mgongoni. Jacinta aliinua mkono kumsalimu, kikohozi kikamshika, ikabidi ashike nguzo ya ua hadi kipite. Kesho yake Persis aliiingiza trekta stoo, akaizima, akachukua ufunguo. Alisimama mlangoni kwa muda. Tangi lilikuwa nusu. Majani mabichi yalikuwa yamejaa chini ya mashine. Alifunga mlango akaenda zake.

Njiani alijiambia hajaharibu kitu. Ameacha tu.

Wanafunzi waliporudi Januari, nyasi zilifika magotini na trekta haikutoa hata mlio. Wanawake wakaitwa na slasha zao. Jacinta alikuja akicheka, akasimama pale pale kushoto kwa Persis, naye Persis akashika slasha kama zamani. Kwa siku mbili alihisi kwamba alichofanya kilikuwa chema.

Sabato hiyo, wakati wa ushuhuda, Jacinta alisimama mbele ya kanisa. "Ndugu zangu, nilikuwa nimechoka kuomba," alisema. "Lakini Mungu ameizima ile mashine. Ameniona."

Waumini wakasema amina. Persis aliinamia kitabu chake cha nyimbo.

Jumatatu Joash alifika kutoka Masimba na kuifungua mashine mbele ya mwalimu mkuu. Betri ilikuwa imekufa, petroli imegeuka kama gundi, visu vimeshika kutu, na panya walikuwa wametafuna nyaya.

"Hii haikuandaliwa, Mwalimu," Joash alisema. "Ama iliandaliwa, halafu mtu akaitumia likizo na kuirudisha hivi."

Bwana Ondieki alimgeukia Persis. "Mama Lorna, uliiandaa kama kawaida?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Jibu lilimtoka haraka. Hata Joash hakuwa na sababu ya kulitilia shaka, kwa jinsi alivyomjua.

"Na likizo yote ufunguo wa stoo ulikuwa kwa nani?"

Ufunguo wa pili wa stoo, pamoja na wa trekta, ulikaa kwa mlinzi, Mzee Nyangau, aliyekuwa amelinda lango lile tangu shule ina madarasa manne. Aliitwa, akaapa kwamba hata kuiwasha hajui. Mwalimu mkuu alimwambia akapumzike nyumbani mpaka bodi ikutane. Wote walielewa maana yake.

Mzee alitoka na koti lake mkononi. Alipompita Persis alisimama.

"Mama Lorna, wewe unajua siwezi kugusa mashine yako."

"Najua, tata," Persis alisema, akimwita baba kwa Ekegusii.

Kwa siku nne aliendelea kukata nyasi. Chakula kilimshinda. Lorna alipomuuliza kama anaumwa, alimkaripia, kisha akaenda kulia nyuma ya migomba. Watu sokoni walikuwa wameanza kusema mzee wa lango aliuza petroli ya shule. Persis aliyasikia kwa mwanamke aliyemuuzia ndizi, naye akasikia sauti yake mwenyewe ikijibu, "Aa, sijui mimi."

Kesho yake alikuwa mlangoni pa ofisi kabla ya kengele ya kwanza.

"Mwalimu, mimi ndiye," alisema. "Sikuiandaa. Niliiacha na petroli yake na uchafu wake, nikijua."

Bwana Ondieki aliweka kalamu chini. "Kwa nini?"

"Nilitaka iharibike, wenzangu warudi. Siku ile uliwaaga, mimi nilikuwa nimesimama kando nimeshika ufunguo. Sijawahi kutulia tangu hapo."

"Ungekuja kuniambia."

"Ningekuja. Niliogopa usije ukaniaga na mimi."

Mwalimu mkuu alimwambia atapata barua ya onyo, na kwamba bodi ikiamua zaidi yeye hatamtetea. "Lakini kwa Nyangau utaenda wewe. Mimi nitakwenda baada yako."

Alimkuta mzee uani kwake na mkewe Edinah, wakianika mahindi. Persis alipiga magoti pale pale juu ya udongo, akasema yote. Edinah aliendelea kutandaza mahindi kwa mkono wake, hakuinua macho.

"Siku nne," Nyangau alisema mwishowe. "Siku nne sijapita sokoni, mwanangu. Napitia mtoni kama mwizi. Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, tata."

"Hapa tumesikia watatu tu. Hayo uliyoniambia, kayaseme pale walipo watu wote. Halafu nitarudi."

Mchana wa siku ile ile, Ijumaa, mwalimu mkuu alipowakusanya wafanyakazi wote wa shule, Persis alisimama akayasema. Wakata nyasi walikuwa pembeni, slasha zimeegemea ukuta. Hakuthubutu kuangalia upande huo.

Jacinta alimfuata baadaye hadi kwenye bomba la maji.

"Nilisimama kanisani," alisema polepole. "Nikamshukuru Mungu mbele ya watu, na wewe umekaa hapo unanisikiliza. Kumbe ni wewe."

"Nilikuwa nakuonea uchungu, dada."

"Nani alikuomba? Ungeniambia tu kwamba unasikia vibaya. Hiyo ningeipokea." Aliegemeza slasha yake kwenye bomba, akaondoka mchana ule ule na kazi haijaisha.

Mzee Nyangau alirudi langoni, akalinda hadi mwisho wa mwaka ule, kisha akastaafu kwa sherehe ndogo. Joash aliifufua trekta kwa betri mpya na nyaya mpya. Bodi ilimwacha Persis kazini, na akiwa bado na haya ya kusimama mbele yao, aliwaambia kwamba mteremko ulio chini ya mabweni ni mkali, trekta inaweza kupinduka pale, afadhali ukatwe kwa mkono. Walikubali wanawake wawili. Jacinta aliitwa wa kwanza, akakataa. Nafasi yake akapewa mwanamke kutoka upande wa Masimba.

Persis bado ndiye dereva. Kanisani Jacinta humsalimu, kwa mkono, kama anavyosalimu wageni. Mwezi uliopita Persis alichelewa na viti vikajaa. Jacinta alimwona amesimama nyuma. Baada ya muda akasogeza mkoba wake, akampisha nafasi karibu naye, bila kugeuka. Persis aliketi, akakaa wima ibada nzima, akiogopa hata kukohoa.