Kuubembeleza Mkono

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Jinja, nilifika na koti jeupe nililolipiga pasi mara mbili. Mkuu wa Idara akaniambia nilivue. Alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo aliyetoka jeshini, hata madaktari walimwita Afande. Akaubana mkono wangu wa kushoto kifuani kwa kitambaa.

"Kaa nao hivyo mpaka saa kumi, Zaituni."

Alipoufungua, bega lilikuwa zito kama la mtu mwingine.

"Hiyo ni siku moja," alisema. "Mama aliyeondolewa titi kwa saratani anaubana mkono wiki nzima kwa hofu. Hapa hatuvuti mkono. Tunaubembeleza."

Alinifundisha taratibu. Siku za mwanzo, kabla mrija wa kutoa maji ya kidonda haujaondolewa, mgonjwa anavuta pumzi ndefu, anazungusha mabega, anafumba na kufumbua kiganja. Mkono haupandi kupita bega. Mrija ukishatoka, analala chali akiinua fimbo kwa mikono miwili, kisha anasimama kutembeza vidole ukutani. Tuliweka alama ya penseli pale vidole vilipokoma. Akihisi kuvutika, anatulia hapo. Akihisi maumivu makali, anarudi chini.

Miaka ikapita, nikahamishiwa Mbale. Huko asubuhi ukungu hushuka kutoka mlima Wanale na kuingia mjini polepole, na mara nyingi nilitembea kwenda kazini nikihisi bado naota. Huko ndiko nilikompokea Nandutu, mama wa mtaa wa Namakwekwe, mjane wa askari, aliyejua Kiswahili cha kambini. Chini ya kwapa lake kulikuwa na uzi mgumu, kama kamba iliyokazwa chini ya ngozi. Huwatokea wengi baada ya upasuaji wa titi.

Daktari wa Upasuaji aliniita pembeni. "Sista, huyu anakwenda Kampala kwa mionzi. Kwenye ile mashine atalala mkono ukiwa juu ya kichwa. Usipopanda, hawawezi kumtibu."

"Nina muda gani, daktari?"

"Wiki tatu."

Hizo wiki tatu zilinitia haraka. Siku ya nne niliushika mkono wake nikausukuma. Hakulia, alinitazama tu. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa.

Nikamfuata Namakwekwe. Nilimkuta mlangoni pa chumba chake, mkono ameuficha ndani ya gauni lake refu la gomesi, macho yako mlimani.

"Nisamehe, mama," nilisema. "Niliharakisha."

"Kule juu tulikuwa tunachuma kahawa, mimi na mama yangu," alisema. "Asubuhi huoni hata mtu ya karibu. Unasikia tu mikono yake kwa majani."

"Matawi ya juu mlikuwa mnayafikiaje?"

"Unaenda nayo polepole, Sista. Ukivuta kwa nguvu, tawi inavunjika."

Nikamwomba asimame mbele ya ukuta, afumbe macho, aende kule. Vidole vikaanza kutembea. Vilisimama, vikapumzika, vikaendelea. Midomo yake ilikuwa ikinong'ona Kigisu, lugha ya kwao. Sikumwuliza anasema na nani.

Tulifanya hivyo asubuhi na jioni. Siku nyingine alama haikusogea hata kidogo, na nilirudi nyumbani nikiwa na hofu kuliko yeye. Wiki ya tatu, akiwa amelala chali, mkono ulipita sikio ukatua juu ya mto.

"Mama, umefika," nilimwambia.

"Ngoja kidogo," alijibu, macho yamefumbwa. "Bado niko kule."

Alikwenda Kampala, akamaliza mionzi yote. Alinipigia simu kunijulisha, na tangu hapo sikumwona tena.

Sasa nimestaafu, naishi Budondo, karibu na Jinja. Vijana wa fani hii huniuliza kama wagonjwa wangu hunikumbuka. Kazi yetu ni ya ajabu: aliyepona harudi. Juzi, dukani Jinja, muuza vitambaa alinyoosha mkono mpaka rafu ya juu kabisa kunishushia khanga. Blauzi yake haikuwa na mikono, nami nilimtambua kwa uso na kwa kovu dogo karibu na kwapa: alikuwa mgonjwa wangu wa zamani, mimi ndiye niliyemfundisha kuuinua mkono huo. Yeye hakunitambua. Aliniuliza tu kama nataka na ile nyingine, akanyoosha mkono tena kabla sijajibu.

Nilisema naitaka.