Nimeunda kifaa kwa mikono yangu Gerezani, leo siruhusiwi kukiita jina lake

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa Bongo na wa mikoani.

Mimi humu ni msomaji tu. Huwa napita kimya kimya kwenye nyuzi za magari na za mapenzi, nacheka, naondoka. Leo nimeshindwa kupita. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu, na pale nitakapoonekana mjinga jueni nilikuwa mjinga kweli.

Nina hasira, kwa hiyo mtanivumilia.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, kibanda changu kipo Gerezani, ule mtaa wa mafundi hapa Dar, si jela. Natengeneza mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Mke wangu anauza mitumba Kariakoo, nguo za watoto.

Kwa asiyejua mitumba, mzigo unakuja umefungwa kwenye belo. Nguo zimekandamizwa na mashine mpaka belo limekuwa gumu kama tofali, halafu limezungushiwa mikanda ya plastiki iliyokazwa balaa. Ukikata mkanda kwa kisu, kisu kinaingia ndani na kuchana nguo za juu. Na mkanda wenyewe ukikatika, unaruka.

Miaka mitatu na ushee iliyopita mkanda ulimruka mke wangu ukampiga juu ya jicho. Akashonwa. Daktari akasema ungeshuka kidogo tu, tungekuwa tunaongea mengine.

Niliukasirikia ule mkanda kana kwamba ni mtu.

Nikachukua kipande cha springi ya gari, nikakichonga kikawa na mdomo mrefu uliopinda. Mdomo unapita chini ya mkanda, wembe umejificha kooni hauwezi kugusa nguo. Juu nikaweka kibanio kinachoushika mkanda kabla haujakatika, usiruke. Vinne vya kwanza nilivitupa. Cha tano mke wangu alifungulia belo zima, nguo hazikuguswa, uso wake salama. Akakigeuza geuza mkononi, cheusi tii kwa moto, na ule mdomo. Akasema, "Hiki ni kunguru kabisa."

Jina likabaki hilo.

Wenzake sokoni wakaanza kuniagiza. Nipe kunguru, nipe kunguru. Mke wangu akaweka video kwenye status, video ikasambaa kwenye magrupu ya wauza mitumba mpaka nikapigiwa simu kutoka Mbeya. Nikaandika kwenye kibao changu kwa rangi nyekundu: KUNGURU WA MABELO WANAPATIKANA HAPA. Wapita njia walicheka, lakini walinunua.

Ndipo akaja bosi mmoja mwenye duka la jumla Kariakoo. Nitamwita Mangi, maana mjini hapa mwenye duka yeyote ni Mangi hata kama kwao ni Newala, si Uchagani. Akakaa juu ya ndoo yangu ya rangi bila kujali suruali yake, akauliza maswali ya maana. Akanisifu. "Kaka, una kichwa wewe. Ngoja nichukue kimoja nikawaonyeshe wenzangu, nitarudi na oda kubwa."

Nilimsindikiza mpaka kituo cha mwendokasi alikoegesha, mtu mwenye gari lake! Ndivyo nilivyokuwa nimechanganyikiwa kwa furaha.

Hakurudi.

Ikapita kama miezi minane. Siku moja akaja mama mmoja kutoka Buguruni, anataka kunguru. Nikampa. Akakitazama pande zote, akanirudishia.

"Fundi, hiki chako feki."

"Feki kivipi mama?"

"Orijino kina tundu kwenye mpini. Hiki hakina."

Akafungua mkoba akanitolea cha shoga yake. Kipo ndani ya boksi, boksi lina picha ya kunguru na maandishi makubwa KUNGURU. Mpini umepakwa rangi ya bluu. Na kweli, kwenye mpini kuna tundu.

Wakuu, lile tundu ni kosa langu mimi.

Drili iliniteleza siku moja nikatoboa kimoja pasipohitajika. Nikaona haliharibu kazi, nikakiacha hivyo hivyo. Na ndicho alichoondoka nacho Mangi. Huko kiwandani walikopeleka sampo wakadhani tundu lina kazi yake, wakalitoboa kwenye vyote. Yaani kosa langu limepigwa kopi, likatiwa kwenye boksi, likapanda meli, likashuka bandarini, na sasa ndilo linalomtambulisha orijino. Mimi niliyelitoboa ndiye feki!

Nilifunga kibanda nikaenda dukani kwake kwa miguu, maana ningekaa mahali ningepasuka.

Alivyokuwa mtulivu ndivyo alivyoniumiza. Hakukana. Aliniagizia hadi maji ya kunywa.

"Kaka, hii ni Kariakoo. Kila mtu anapeleka sampo China. Ningekuwa nimekuibia kama kifaa kingekuwa na mwenyewe. Una karatasi?"

"Karatasi ya nini?"

"Inayosema ni yako."

Nikamwambia karatasi ataiona.

Na hapa ndipo ninapowaomba msinicheke sana. Sisi Watanzania ukituambia karatasi, tunajua pa kuanzia. Serikali ya mtaa. Ukitaka kufungua akaunti, ukitaka kumdhamini mtu polisi, unaanza na barua ya mwenyekiti. Nikaenda.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba fundi. Nani kakuudhi?"

Nikamweleza yote. Mzee alikasirika kuliko mimi. Akaandika barua nzuri kwamba mimi ni mkazi wake, ndiye niliyebuni kifaa hiki, na nimekuwa nikikitengeneza na kukiuza kwa miaka mitatu. Alipotaka kugonga muhuri nikamzuia.

"Mwenyekiti, ongeza neno 'hadharani'. Wasije wakasema nilikuwa nauza kwa kujificha."

Akaongeza. Akaligongea na muhuri juu yake.

Sikuishia hapo. Nikazunguka sokoni, akina mama kumi na saba wakaniandikia na kusaini kwamba walinunua kwangu, na mwaka walionunua. Nikachapisha picha za ile video, zikionyesha na tarehe. Faili likanenepa. Nikavaa shati la harusi, nikaenda ofisi inayoshughulikia hataza, ndiyo hiyo watu wanaita patent.

Afisa aliyenipokea alikuwa dada wa makamo, mpole, sina ubaya naye hata kidogo. Alisoma faili lote, ukurasa kwa ukurasa. Akafika kwenye barua ya mwenyekiti, akaweka kidole juu ya lile neno la muhuri.

"Kaka, nani alikushauri kuleta hivi?"

"Akili yangu mwenyewe," nikajibu kwa kujiamini.

"Pole sana. Hataza inatolewa kwa kitu kipya. Kipya maana yake umma haujakiona popote kabla hujaleta maombi. Wewe umeniletea ushahidi wa miaka mitatu kwamba umma umekiona."

"Lakini nimewaonyesha mimi mwenyewe!"

"Hata kama ni wewe. Kwa muda wote huo, si kipya tena."

Niliomba arudie. Akarudia taratibu, kama anaongea na mgonjwa.

Mnaelewa hiyo, wakuu? Kadiri nilivyothibitisha kwamba ni changu, ndivyo nilivyothibitisha kwamba hakiwezi kuwa changu. Ningekuja mikono mitupu, bila barua wala mashahidi, angalau angepokea fomu!

Nikamuuliza, basi na yule Mangi hawezi kupata hataza? Akasema hawezi. Nikapumua. Nikasema basi azuiwe kuuza.

"Hapana kaka. Maana yake kiko huru. Kila mtu anaruhusiwa kukitengeneza."

"Kila mtu?"

"Hata wewe."

Hata mimi! Nimeruhusiwa! Nilitamani kulia na kucheka kwa wakati mmoja.

Dada wa watu akajitahidi kunielewesha. Akasema hataza ni makubaliano, wewe unaupa umma siri yako, serikali inakulinda kwa muda fulani. Kama siri umeshaitoa bure, huna tena cha kubadilishana. Nikaelewa. Na kule kuelewa ndiko kulikoniongezea hasira.

Kwa sababu niambieni, fundi wa Gerezani anajuaje kifaa kinafanya kazi bila kuwapa watu wakijaribu? Mimi sina maabara. Maabara yangu ni akina mama wa mitumba. Kile kibanio nilikirekebisha baada ya mmoja kuniambia kinamfinya kidole. Sheria inataka ninyamaze mpaka nimalize, na mimi siwezi kumaliza nikiwa nimenyamaza. Aliyeiandika hajawahi kushika tupa.

Nikiwa nakusanya faili langu nikakumbuka jina. Nikasema basi kifaa kiwe cha wote, lakini nisajili jina la Kunguru ili watu wajue cha kwangu. Akabonyeza kompyuta. Akanigeuzia skrini nijionee.

Jina limeshasajiliwa kama alama ya biashara, upande wa zana za mkono, pamoja na mchoro wa ndege. Mwenye alama, kampuni ya Mangi.

Ati lilitangazwa kwenye jarida ili mwenye pingamizi ajitokeze, na muda ukapita hakutokea mtu. Jarida! Nimekaa Gerezani miaka kumi na minne, gazeti linalotufikia ni lile linalofungiwa vitumbua.

Kabla sijatoka akaniambia kitu kimoja, na ndicho kinachonifanya niandike leo. "Hilo faili usilichane. Kwenye hataza limekuumiza, ila kwenye jina linaweza kukusaidia, kwa sababu linaonyesha ulilitumia kabla yake. Tafuta wakili."

Wakili bado natafuta. Mangi wa kwake anaye. Wiki iliyofuata nililetewa barua ya kurasa mbili, nifute jina kwenye kibao changu, la sivyo tuonane mahakamani. Nimefuta. Sina ubavu wa kesi kwa sasa, na kibanda kikifungwa watoto hawali. Mke wangu, aliyelitoa lile jina kwa kinywa chake, alikataa kunishikia ngazi.

Kwa hiyo mafundi wenzangu, mnaounda vitu huko uani kwenu, nisikilizeni. Funga mdomo. Peleka maombi ya hataza kabla hujamwonyesha hata jirani, hata kama kifaa chenyewe bado kinatia aibu. Usiweke status. Jina lisajili siku hiyo hiyo. Na akija mtu kukwambia una kichwa, mwambie ndiyo, ninacho, na usimpe sampo. Inaniuma kuwafundisha uchoyo, lakini ndicho nilichojifunza.

Kama humu kuna mwanasheria anayejua mambo ya alama za biashara, naomba aje PM, faili lipo tayari. Na waliowahi kupitia haya wafunguke, nisijione niko peke yangu.

Jana asubuhi alikuja binti mmoja, anaanza biashara ya mitumba, ameelekezwa na watu. Akauliza, "Kaka, hapa ndiyo kwa fundi wa kunguru?"

Nilikuwa nimekishika kimoja mkononi, bado cha moto. Nikamwambia hapana.

Nyinyi mngemjibuje?