Zima Kiyoyozi Kwanza

Iko siku moja, mwanangu, huikumbuka kila nikisikia vijana mnabishana juu ya prosesa, huo ubongo wa kompyuta. Siku hiyo nilisimama katika duka la kompyuta pale Darajani, wanaume wamenizunguka, nikakataa kununua mpaka kiyoyozi kizimwe. Wako waliosema nimerukwa na akili. Niliwaacha waseme.

Jana umenionesha simu yako, nione wenzio wanavyokushauri. Huyu anaapa kwa kampuni hii, yule kwa ile, na wewe uko katikati unaniuliza uchukue kompyuta ya ipi. Kwangu jina hulipati. Lakini kaa kitako nikupe kisa, kisha uamue mwenyewe.

Ujanani nilikuwa mpiga picha za video za harusi. Unazijua shughuli zetu za wanawake hapa Unguja: mlango ukishafungwa, mwanamme hapiti hata kwa kuleta barafu. Buibui zinavuliwa, nywele zinaachwa wazi, na mabibi wenye wajukuu wanacheza mpaka jasho linawatoka. Waliniita mimi kwa sababu moja tu, kwamba kanda zangu hazishikwi na mwanamme. Lakini kupiga picha ni nusu ya kazi. Kanda lazima ikatwe, iungwe, itiwe maandishi, na studio zote nilizozijua mjini zilikuwa za wanaume. Kwa hiyo nilitaka kompyuta yangu, chumbani kwangu Malindi, inayoiweza kazi hiyo. Nikikosea kuichagua, ama nitawapelekea wanaume picha za watu, ama nitaacha kazi. La kwanza nilikuwa nimeapa sitolifanya.

Kaka yangu Haji, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa baraza. Pale barazani kwetu watu walishagawanyika kama wanavyogawanyika kwenye mpira: hawa wa prosesa yenye stika ya njano, wale wa ile ya kijani. Majina ya kampuni siyataji, maana hupanda na kushuka, na bingwa wa jana si wa leo. Wengi walikuwa wa njano. Na katika wote hao, mwanangu, hapakuwa na hata mmoja mwenye kompyuta nyumbani kwake.

Haji alinikatia shauri kwamba nichukue njano, kwa kuwa kila mtu anachukua njano. Nilipomuuliza kama itaiweza kazi yangu, akanitupia methali, eti mchagua jembe si mkulima. Hapo damu ilinichemka.

"Kaka, shamba langu mie," nilimwambia. "Asiyelima ndiye anayeona majembe yote sawa."

Nikaenda dukani kwa Seif, aliyekuwa akiuza zote mbili, nikamwomba nizijaribu kabla sijanunua. Akacheka akasema kompyuta haionjwi. Nilimjibu kwamba halua naionja kabla sijafungiwa, na halua inaliwa ikaisha, seuze kitu nitakachoishi nacho. Alikuwa mfanyabiashara mwenye subira, akakubali. Nilete kanda, tuitie kwenye kompyuta zote mbili, tuone ipi itaimaliza.

Tatizo likawa kanda. Nilizokuwa nazo zote zilikuwa za harusi. Nikajiambia nitachukua kipande kidogo tu, cha maua na vyakula, lakini moyo haukutulia, nikaenda kumuuliza Bi Time. Huyu ndiye aliyekuwa somo wa mtaa wetu, aliyewafunda mabiharusi wengi, na kila shughuli niliyoipiga picha yeye alikuwamo. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, akanisikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti.

"Leo utawaonesha sahani," alisema. "Kesho watataka kuona mkono uliobeba sahani. Amana haina kipande kidogo, mwanangu."

Nilitoka kwake uso umenishuka. Nikapita barazani, nikawakuta wale wale, njano na kijani, wanarushiana maneno mpaka kahawa inamwagika. Basi nikafungua kamera nikawapiga picha wao. Walifurahi. Mmoja alirekebisha kofia, na Haji akajipiga gotini akatoa hotuba ndefu kuisifu njano.

Kesho yake, mchana wa joto la kaskazi, nilirudi kwa Seif na ile kanda, na nusu ya baraza ikanifuata. Kompyuta zikawekwa sambamba, kila moja ikapewa kazi ile ile. Njano ikatangulia tangu mwanzo. Haji akageuka kuniangalia, akatabasamu, akamwambia Seif aanze kufunga mzigo.

"Zima kiyoyozi kwanza," nikasema.

Seif akaniuliza kwa nini.

"Kwa sababu chumbani kwangu hakimo. Mnanipimia kompyuta kwenye baridi, na mie nnakaa kwenye joto. Zima, fungua mlango, tuanze upya."

Walilalamika sana, lakini kilizimwa. Mlango ukafunguliwa, joto la mtaani likaingia lote, na wataalamu wangu wakaanza kujipepea kwa kofia. Tukaanza upya. Njano ikatangulia tena, kisha feni yake ikaanza kunguruma, kisha ikapunguza mwendo, na Haji akiwa mle ndani ya picha amenyanyua kidole kuisifu, skrini ikawa nyeusi. Ile ya kijani ikaendelea polepole, haina habari na mtu, mpaka ikamaliza. Hakuna aliyepiga makofi. Seif akakiri kwamba njano ile inataka ubaridi. Nikamuuliza mbona hakuniambia mapema, akasema hakuna mteja aliyewahi kumuuliza inakwenda kukaa wapi.

Haji ndiye aliyenibebea ile ya kijani mpaka nyumbani, na njia nzima alisema ile njano ya dukani ilikuwa mbovu. Miaka yote niliyofanya kazi nayo, hakuna kanda iliyotoka chumbani kwangu ila kwa mwenyewe. Bi Time alipomwoza mjukuu wake, aliniita mimi.

Sasa usiondoke ukasema mimi Bi Mkubwa wako ni wa kijani. Ile ilipochoka nilirudi dukani na kanda ya baraza, nikazipima tena kwenye joto, na safari hiyo njano mpya ilishinda. Nikanunua njano. Watu wa kijani walininunia, nikawaacha wanune.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ijue kwanza kazi yako, kijue na chumba chako, kisha vipe hivyo viwili vikuchagulie. Usisafirie nyota ya mwenzio. Wakikwambia mchagua jembe si mkulima, waoneshe shamba lako uwaulize la kwao liko wapi. Na lile ulilowekewa amana, usilitoe hata kipande, hata kwa kujaribia kompyuta.

Mungu akupe rizki ya mikono yako, akusitiri kama utakavyowasitiri wenzio. Na siku watakapokuzunguka wote wakikwambia nunua, akupe ulimi mkavu, usioogopa mtu, wa kuwaambia wazime kiyoyozi kwanza. Amin.