Saa Aliyoivaa Kaka na Saa Aliyoiweka

Kaka yangu hakufa majini. Nalitaja hili mapema kwa sababu kila ninayemwambia kwamba alikuwa mpiga mbizi huuliza kama ziwa ndilo lililomchukua. Hapana. Aliugua figo, akafia hospitali, kitandani, mama yetu akiwa amemfunika kwa kitenge chake mwenyewe kwa sababu alikuwa akilalamika baridi.

Nilipopigiwa simu nilikuwa Tunduma, nasubiri lori la kwenda Lubumbashi. Nimeishi hivyo tangu nimalize kidato cha nne: Kahama kwenye machimbo, Mombasa bandarini, Tunduma mpakani, kisha popote pengine. Kaka ndiye aliyebaki. Baba alipofariki, yeye alihamia kwa mama, katika nyumba yetu ya Kiseke iliyopanda juu ya mawe, na hakuondoka tena. Alikuwa akishuka ziwani asubuhi, anakagua nyavu za vizimba vya kufugia sato, anashona palipochanika, anatoa samaki waliokufa chini, na jioni anapanda kilima na ndoo ya maji mkononi iwapo bomba limekatika. Hakuoa. Watu walisema ameoa ziwa, naye alicheka tu.

Niliwahi maziko. Basi lilinishusha asubuhi, na nilipofika getini kitu cha kwanza kuona ni mtani wetu, mzee anayechomelea mageti kule Igoma, akitembea uani katikati ya waombolezaji amevaa mapezi ya mpira ya kaka miguuni na miwani yake ya kuzamia usoni. Anainua mguu, anaushusha, pwa! Anainua mwingine, pwa! Wanawake waliokuwa wamekauka kwa kulia wakawa wanacheka na kulia kwa pamoja.

"Huyo, huyo!" akanisonta. "Mtembezi amekuja! Tumwekee sahani. Wewe ukisikia harufu ya wali wa msiba hata ukiwa Kongo unafika, au siyo?"

"Shikamoo, mtani," nikasema.

"Marahaba sitaki. Nataka nauli ya kunirudisha majini. Ndugu yako kaniachia kazi, na mimi kuogelea sijui."

Mkononi mwake niliona saa ya kaka. Kwetu, kitu alichokuwa nacho marehemu mwilini siku zote hakiwekwi kabatini. Mtani hukivaa tangu siku ya kifo, hutembea nacho, humwigiza mwenyewe, mpaka matanga yanapoanuliwa. Siku hiyo hukivua na kumvalisha mtu mmoja wa familia. Atakayevalishwa anasimama mahali pa marehemu. Ataishi pale, atamtunza aliyekuwa akitunzwa na marehemu. Mali nyingine zote zinagawiwa tu kama mali. Kile kimoja hakigawiwi.

Ile saa haikusimama hata mara moja. Ilikuwa ya aina isiyotumia betri, inayojijaza kwa mwendo wa mkono, na mtani alivyokuwa akipunga mikono msiba mzima, mishale yake iliendelea kuzunguka kana kwamba mwenyewe yupo.

Siku ya kuanua matanga baba mdogo, aliyekuja kutoka Mara kusimamia kikao, aliomba vitu vya kaka viletwe. Suti ya mpira ilienda kwa mwenzake wa kazini. Baiskeli ikaenda kanisani. Kisha mama akatoka chumbani na kikasha cha mbao, akakifungua, na ndani mlikuwa na saa nyingine ambayo wengi wetu hatukujua kama ipo.

Hiyo ilikuwa ya Uswisi. Alipewa na mgeni aliyekuwa mkuu wake wakati anafanya kazi kwenye nguzo za daraja la kwenda Sengerema, siku mgeni huyo anaondoka. Chuma chake kizito, uso mweusi unaong'aa, duara la pembeni unalizungusha na linalia taratibu kama mtu anayevunja vidole. Ilikuwa imesimama. Kaka hakuwahi kuivaa. Alimwambia mama kwamba ukipanda nayo mjini vibaka wanakukata mkono, na ukishuka nayo majini roho haitulii, unaiangalia yenyewe badala ya kuangalia nyavu.

Ile ya mkononi mwa mtani ilikuwa ya Kijapani. Si kwamba ilikuwa rahisi. Kaka alijinyima muda mrefu ili ainunue, na majirani walimcheka kwamba pesa ile angenunua pikipiki. Lakini mbele ya ile ya Uswisi ilionekana kama mtoto wa jirani. Mkanda wa mpira uliopauka, kioo chenye mikwaruzo ya nyavu. Niliwahi kumuuliza kwa nini asitumie simu kujua muda kama watu wengine, akanionyesha duara la pembeni. "Unaliweka hapa unaposhuka," alisema. "Ukiona mshale umefika hapa, unapanda, hata kama kazi haijaisha. Chini kule hujisikii kuchoka. Ndiyo hatari yake."

Mtani alikuwa ameshatoa simu, akaipiga picha ile ya Uswisi na kutafuta bei. Akasoma, akavua miwani ya kuzamia, akasoma tena.

"Mama yangu! Hii ni nyumba! Watu wangu, tumekalia nyumba nyingine humu ndani ya kikasha!"

Akaonyesha simu kwa wazee, nao wakaipokezana.

Baba mdogo akanigeukia. "Wewe ndiye mwanamume uliyebaki katika nyumba hii," alisema. "Saa ni mbili. Mila unaijua. Hii ya mkononi mwa mtani ukiivaa, unakaa na mama yako. Ile ya kikasha ni mali, wa kwanza kuipata kama mali ni wewe pia. Mbili huwezi kuchukua. Chagua. Na kama hii haina mtu, mama yako nitaondoka naye twende Mara, hatabaki peke yake kwenye mawe haya."

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Hakuinua macho. Nilijua hataki kwenda Mara. Kaburi la baba liko Kiseke, na sasa la kaka. Kanisa lake liko pale, kuku wake wako pale.

Naomba nieleweke. Saa niliyoitaka ilikuwa ile ya Kijapani. Niliitaka tangu nilipoiona getini. Nilitaka ule mkanda uliopauka, ulioshika umbo la mkono wake. Ile ya Uswisi ilikuwa nzuri, na haikunihusu, kama ambavyo haikumhusu yeye.

Lakini najijua. Mara mbili nimerudi Kiseke nikiapa kwamba sasa nimetulia. Mara ya kwanza nilifungua kibanda cha kuchaji simu. Mara ya pili nilipanda mahindi nyuma ya nyumba. Mara zote mbili ilifika asubuhi ambayo nilisikia basi likipiga honi kule barabarani na mwili ukawa umeshaondoka kabla sijaamua. Mama alinifungia viazi kwenye mfuko bila kuuliza. Ningeivaa saa ya kaka, wazee wangepiga makofi, baba mdogo angerudi Mara na moyo mweupe, na baada ya miezi kadhaa mama angeamka peke yake. Safari hii asingekuwapo kaka wa kubaki naye.

"Chagua basi!" mtani akasema. "Unaangalia kama mtu anayechagua sangara sokoni Kirumba. Unataka tukufungulie na matamvua?"

Watu wakacheka. Nikanyoosha mkono, nikachukua kikasha.

Kicheko kikakatika. Shangazi mmoja nyuma akasema, bila kujificha, "Si nilisema? Bei imeshasomwa." Baba mdogo akatazama pembeni, kama mtu aliyeona jambo la aibu barabarani. Nilitaka kueleza, lakini ningeeleza nini? Kwamba nimechukua ya ghali kwa sababu sistahili ya bei nafuu? Nani angeliamini neno hilo, na kikasha kiko mapajani mwangu?

"Haya," baba mdogo akasema. "Mama, tutafunga mizigo."

Hapo ndipo mdogo wetu wa mwisho, wa kike, alipotoka jikoni. Ana chumba cha kushonea nguo Igoma, aliachana na mumewe, na katika kikao chote hakuna aliyekuwa amemwita. Alikuja akijifuta mikono kwenye kanga, akasimama mbele ya mtani, akanyoosha mkono wake wa kushoto.

"Nivalishe."

"Wewe?" baba mdogo akauliza. "Mwanangu, hii ni nafasi ya kiume. Na wewe bado kijana, utaolewa tena."

"Anayenioa atapanda mawe aje hapa. Cherehani inabebeka. Baba mdogo, kuna mwingine aliyenyoosha mkono?"

Mtani alivua ile saa taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze hakuwa na mzaha. "Mkono wangu umechoka kubeba ukoo usio wangu," alisema, akamfunga. Tundu la mwisho la mkanda halikutosha. Saa iliteleza mpaka karibu na kiwiko. "Haivuliwi mpaka mwaka uishe. Unasikia, binti? Kulala nayo, kuoga nayo. Mwenyewe alioga nayo ziwa zima."

Mama aliinua macho akamtazama binti yake. Kisha akanitazama mimi. Hakukuwa na hasira usoni mwake. Ningependa ingekuwapo.

Siku niliyoondoka nilimkuta mdogo wangu uani akiosha vyombo, saa ameisukuma juu ya mkono isigonge sufuria. Ile ya Uswisi ilikuwa ndani ya begi langu, ndani ya soksi.

"Nipe niishike," nikamwambia. "Mara moja tu."

"Haivuliwi, kaka."

"Najua. Nataka kuishika tu."

Alifikiri kidogo. Akajikausha kwa kanga, akaniletea mkono wake. Niliushika kwa mikono yangu miwili, saa ikiwa katikati ya viganja vyangu, ngozi yake ikiwa bado ya baridi kwa maji. Nilisikia mshale ukitembea ndani. Alisimama akanisubiri, macho ameyaelekeza kwa kuku. Baadaye akasema kwa sauti ya chini kwamba mama anahitaji chai, na nikauachia mkono.