Kidole cha Shemeji Zakaria

Asubuhi ile nilikuwa naanika kahawa. Jua zuri, mkeka mpana, mwanangu Eliza anatambaa pembeni akitaka kutia buni mdomoni. Mimi ni Msukuma wa Magu, ila niliolewa Uhayani, ng'ambo ya mto Kagera, karibu na mpaka. Mume wangu, Baba Eliza, alikuwa anapogoa migomba huku anaimba tenzi kwa sauti mbaya. Nashukuru sikumwambia anyamaze.

Mchana zikasikika ngurumo, na wingu hakuna. Majirani wakaanza kupita na magodoro kichwani, wanawahi daraja la Kyaka wavuke mto. Wakatuambia askari wa nduli wamevuka mpaka, wanachoma nyumba, wanaua.

Kuvuka au kubaki. Hakukuwa na la tatu.

Shemeji Zakaria, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuwa mzee wa kanisa. Kwetu pale jambo likiwa gumu alipelekewa yeye. Alikuwa anafumba macho, anafungua Biblia popote, anashusha kidole. Neno lililoguswa ndilo jibu la Mungu, basi. Watu walioa kwa kidole hicho. Mbuzi waliuzwa kwa kidole hicho. Na siku ile, moshi unapanda, akafumba macho yake. Kidole kikaangukia mahali watu wanaambiwa watulie, wangoje.

"Tunabaki," akasema.

"Shemeji, moshi ule huuoni?"

"Ninyi Wasukuma mnajua ng'ombe. Mambo ya Roho tuachieni sisi."

"Ng'ombe akisikia simba hangoji kufunguliwa kitabu."

Mume wangu akanikata jicho. "Mama Eliza! Huyo ni kaka yangu. Na hilo ni Neno."

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda chake. Akainuka, akashika fimbo.

"Mimi nimeomba tangu zile ngurumo zianze," akasema. "Nimeomba akili. Nikafumbua macho, nikaona moshi. Nikawauliza wanaotoka huko, wakaniambia. Sasa mnataka Mungu aseme mara ngapi? Mke wetu, mbebe mtoto."

Baba Eliza alitusindikiza hadi njia panda. Alimshika Eliza kisigino.

"Kaka akikubali, kesho nakuja."

Tukavuka.

Nyuma yetu risasi zikalia.

Mama mkwe hakugeuka. Nami sikugeuka.

Baada ya siku chache daraja likavunjwa. Ile kesho haikuja.

Kutoka Bukoba tulipanda meli hadi Mwanza, tukaenda Magu kwa wazazi wangu. Mama mkwe alikula ugali wetu bila kulalamika, na kila meli ilipotia nanga alituma mtu akaulize habari za mwanawe.

Vita vilipokwisha tulirudi. Nyumba ilikuwa majivu. Jirani aliyekuwa amejificha migombani alituambia alichoona. Risasi zilipokaribia, Zakaria hakungoja kidole tena. Alikimbilia kwenye mafunjo, akapona. Mume wangu alibaki mlangoni, anangoja kama alivyoambiwa. Askari wakamchukua hapo hapo, hakuonekana tena.

Kwenye ibada ya shukrani Zakaria akasimama, suti imenyooshwa, akasema yale yalikuwa mapenzi ya Mungu. Watu wakaitikia amina. Mimi nikasimama na mtoto mgongoni.

"Usimsingizie Mungu," nikasema. "Kidole kilikuwa chako."

Wakaniambia nikae. Sikukaa.

Miaka mingi baadaye mchungaji mmoja alinisomea sura ile nzima, taratibu. Maneno yale waliambiwa watu wengine, kwa jambo lingine kabisa. Mtu angesoma mistari miwili tu ya juu, angejua.

Sasa naishi hapa Mkolani, Mwanza. Juzi mjukuu wangu Neema, binti wa Eliza, kaniletea Biblia. "Bibi, nipigie kidole. Nikubali posa ya yule kijana au nikatae?"

Nikaichukua ile Biblia. Nikaifunga.

"Piga magoti uombe akili," nikamwambia. "Sura isome kuanzia juu mpaka chini. Halafu vaa viatu, twende Nyamagana tukawaulize wanaofanya naye kazi."

"Jamani Bibi, umekuwa mpelelezi?"

"Ndiyo. Vaa viatu."

Uhayani mtu huzikwa kwenye migomba yake. Baba Eliza hana kaburi pale. Zakaria analo, limejengewa saruji. Watu wa kanisa huniuliza kama nilimsamehe. Nilimsamehe, tena mbele yake, kabla hajafa. Lakini kile kidole, hapana. Na yeyote atakayekileta nyumbani kwangu atanikuta mlangoni.