Sharifu wa Gitaa la Solo

Siku yangu ya kwanza kazini katika hoteli ya Lodwar, mwaka 2012, nilikata nyuzi mbili kabla wageni hawajaketi. Nilikuwa mpiga gitaa tangu ujana, tena gitaa la solo, lile linaloimba juu ya mengine, lakini joto la Turkana lilikuwa halijanitia adabu. Mchana nyuzi zililegea nikazikaza. Jioni hewa ilipopoa zikajivuta zenyewe, zikakatika. Meneja akanihurumia. "Mzee, hapa tunakaza gitaa jua ikishaingia," akasema. Sikukata tena.

Vijana wakisikia jazi hudhani ni muziki wa wasomi. Kwetu ilikuwa dansi: solo, gitaa la rithimu la kushikilia mapigo, besi ya kutembea chini yao, na tarumbeta mpigaji akipatikana. Hapo hotelini nilipiga taratibu, ili watu wale nyama ya mbuzi huku wakizungumza. Nililipwa kwa kitu ninachokipenda, na hilo silisahau.

Mwaka uliofuata meneja alifungua tawi Kakuma akanihamishia huko. Alikuwa mtu wa bara, mcheshi, mwenye haraka. Alijaza mji mabango, hadi mlangoni pa baa yetu: SHARIFU NA GITAA LAKE. Mimi ni Zakaria Sharifu, Mkristo wa Mumias, na sikujua ukoo wetu ulilitoa wapi jina hilo. Marehemu baba, aliyekuwa nalo kwanza, hakupenda kuulizwa.

Haukupita muda akaja mama wa Kisomali kutoka kambi ya wakimbizi, mtoto mgongoni ana homa, akaniomba nimsomee dua. Nilimwelekeza zahanati, lakini nilitamani ardhi inimeze. Akafuata Mzee Abdi, muuza nyama wa hoteli yetu, mtu wa kuheshimiwa sokoni.

"Wewe Sharifu ya wapi?"

"Ni jina tu la baba yangu, mzee."

"Sharifu si jina tu. Ni kizazi cha Mtume. Leta ushahidi ama toa hiyo jina. Ikibaki kwa mlango ya pombe, mimi sileti nyama."

Meneja aliposikia alishika kichwa. "Mzee, hiyo jina ndiyo inaita watu. Lakini bila nyama tunafunga. Maliza hii maneno."

Kazi ilikuwa inaponyoka, lakini kilichoniuma zaidi ni kufikiri kwamba huenda tuliiba jina la watu. Nikampigia simu shangazi, mdogo wake baba. Alicheka kwanza.

Bibi yangu, akasema, alizika watoto mmoja baada ya mwingine. Alipomzaa baba, wakafanya desturi ya kwetu: mtoto akalazwa njiani, jamaa wakajificha vichakani, ili mpita njia wa kwanza amwokote na kumpa jina, kifo kidhani si wa nyumba ile. Akapita sharifu, mwalimu wa dini mgeni, asiyejua desturi hiyo. Akamwokota mtoto, akaanza kumgombeza kwa sauti mama asiye na huruma. Vichaka vyote vikashangilia. Alipoelezwa alilia, akawaambia wamwite Sharifu, kisha akaendelea na safari. Baba aliishi mpaka akatuzaa sisi tisa.

Nilimsimulia Mzee Abdi asubuhi, kibandani kwake. Aliweka kisu chini.

"Basi kaa nayo. Hiyo ni shukrani, si wizi. Lakini kwa mlango ya pombe, hapana."

Nilikubali kabla hajamaliza, nikayabandua mabango kwa mikono yangu. Meneja alinung'unika, akaandika ZAKARIA. Jumamosi nyama ilikuja, na watu wakaja vilevile.

Nilistaafu mwisho wa 2013. Ninamshukuru meneja aliyenivumilia na uzee wangu, namshukuru Mzee Abdi aliyenilazimisha kuuliza nilichopaswa kuuliza zamani. Nilipofika nyumbani, shangazi alinipeleka mahali penyewe alipolazwa baba. Ni njia tu, matrekta ya miwa hupita hapo. Nilivua kofia nikataka kumtaja yule mtu katika maombi yangu, nikashindwa pa kuanzia. Sharifu ni cheo chake. Katika furaha ile ya kupata mtoto, hakuna aliyekumbuka kumuuliza jina.